Mtoto Amalizaye Upesi: Kazi za Juma Zima Darasani

Leo twataka kuzungumza habari za mtoto ambaye walimu wengi humfikiria mwisho, kwa sababu hana taabu. Ni yule aliyekwisha kumaliza hesabu zake hali wenzake wangali wakiandika tarehe.

Zamani, tulipokuwa walimu wapya, tulikuwa na mvulana wa namna hiyo katika darasa la 4. Kila alipomaliza kazi yake tulimtuma: mara akalete chaki kwa mwalimu mkuu, mara akateke maji, mara akaangalie darasa la 1 ambalo mwalimu wake hakuja. Tulidhani twampa heshima. Ulipofika muhula wa pili, yule mtoto akawa mzito. Hesabu kumi alizokuwa akizimaliza kwa robo saa zikamchukua kipindi kizima. Tulifikiri labda ni mgonjwa, au nyumbani kwao mna shida. Tulipomwita kando na kumwuliza, alitazama chini, akasema, "Mwalimu, nikimaliza natumwa."

Basi mtoto yule alikuwa amejifunza kwetu somo ambalo hatukuliandika ubaoni, ya kwamba aonyeshaye wepesi huongezewa mzigo. Naye kwa kuwa ana akili aliuficha wepesi wake. Hatukuweza kumrudisha alivyokuwa. Tangu siku hiyo kila tunapozungumza na vijana wanaojifunza ualimu huwaeleza habari yake, ijapokuwa haitupi sifa.

Watu wengine husema, kazi ya kuwatunza watoto wepesi ni ya Serikali, kwani ziko shule za sekondari za vipaji maalumu, kama Ilboru, Mzumbe na Kilakala. Ni kweli ziko. Walakini aendaye huko ni yule aliyekwisha kushinda mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Miaka yote ya kabla yake imo mikononi mwa mwalimu wa kijiji, mwenye watoto sabini mbele yake na kitabu kimoja kwa watoto watatu.

Mwalimu huyo aghalabu hufanya moja katika mambo mawili. La kwanza, humpa mtoto hesabu nyingine kumi zilizo sawasawa na zile alizomaliza. Hili halina faida. Ni kama kumwambia aliyekwisha kulima shamba lake alilime tena. La pili ni kumfanya mwalimu mdogo wa wenzake. Hili lina asili ndefu. Mwisho wa karne ya 18 Andrew Bell, aliyekuwa akiangalia nyumba ya watoto yatima huko Madras, Bara Hindi, aliwatumia watoto kuwafundisha watoto, na Joseph Lancaster akafanya kama hayo London. Kisha desturi ile ikaenea katika nchi nyingi. Sisi hatuikatai. Mtoto amwelezapo mwenziwe hulielewa jambo vizuri zaidi yeye mwenyewe. Lakini akifanya hivyo kila siku, mwaka mzima, atakuwa amewasaidia wote ila nafsi yake.

Tulilojaribu sisi ni njia ya tatu. Kila Jumatatu huandikwa swali moja katika pembe ya ubao, swali lisiloweza kujibiwa siku hiyo wala kwa kukisia. Amalizaye kazi yake ya darasa hulichukua swali lile na kulifanyia kazi kidogo kidogo hata Ijumaa. Siku ya Ijumaa, kipindi cha mwisho, waliolishughulikia husimama na kuwaeleza wenzao walichokiona. Hakuna orodha ya majina ya "wenye akili". Mlango u wazi. Leo huingia huyu, kesho yule.

Tutoe mfano wa shule moja ya upande wa Kerenge, wilaya ya Korogwe, chini ya milima ya Usambara. Watoto wengi wa huko ni Wasambaa, na wengine ni wa makabila ambayo wazee wao waliletwa na kazi ya mkonge. Jumatatu tarehe 24 Februari, 2025, swali liliandikwa hivi: "Je, kivuli cha mchana kitakwisha lini?"

Watoto walicheka. Kivuli kitakwishaje? Tulisimamisha uwanjani fimbo iliyonyoka, urefu wake mita 1 juu ya ardhi, nayo tukaisawazisha kwa uzi uliofungwa jiwe, kama fundi mwashi afanyavyo kwa timazi. Tangu saa sita kamili, kila baada ya dakika kumi, kijiti kidogo kilichomekwa penye ncha ya kivuli. Kijiti kilicho karibu na fimbo kuliko vyote ndicho kinachoonyesha mchana wa jua, na mstari utokao penye fimbo kwenda kwenye kijiti kile huelekea kaskazini na kusini sawasawa.

Hapo ndipo ulipozuka ubishi wa kwanza. Kivuli kifupi kabisa hakikuwa cha saa sita kamili, bali cha kadiri ya dakika 40 baadaye. Kijana mmoja, mwepesi kweli wa hesabu na mwenye kujivuna kidogo, alisema saa ya mwalimu imeharibika. Tukamwambia athibitishe. Haikuwa imeharibika. Saa za Tanzania hufuata mstari wa digrii 45 mashariki, ambao kwa upande wetu hupita mbali katika Bahari ya Hindi. Kerenge iko karibu na digrii 38 na nusu. Dunia huzunguka digrii moja kwa dakika 4. Tofauti ya digrii 6 na nusu, basi, ni dakika 26. Dakika zilizobaki hutokana na mwendo wa dunia kulizunguka jua, ambao si sawa mwaka mzima. Mwanzoni mwa Oktoba mchana wa jua huja mapema zaidi, robo saa hivi tu baada ya saa sita. Kijana yule aliipiga hesabu ya zile dakika 26 mwenyewe, na Ijumaa akakiri mbele ya wenziwe ya kuwa saa ilikuwa nzima. Kwa jinsi tunavyomjua, kukiri kule kulikuwa kazi kubwa kuliko hesabu.

Jumatatu kivuli kifupi kilikuwa kadiri ya sentimita 8, kikielekea kaskazini. Jumanne kikapungua. Jumatano kulikuwa na mawingu, hakikuonekana kivuli chochote. Watoto walitaka kuandika namba iliyo katikati ya Jumanne na Alhamisi, maana, walisema, lazima ilikuwa hiyo. Tuliwakataza. Kisichopimwa hakiandikwi, nafasi ya Jumatano iko tupu katika daftari hata leo. Ijumaa kivuli kilikuwa kimebaki sentimita 5 na kitu kidogo. Hivyo kila siku kilipungua zaidi ya nusu sentimita, karibu milimita 7. Wakagawanya, wakapata siku 8. Wakahesabu kwa vidole, wakasema: tarehe 8 Machi.

Tarehe 8 Machi ilikuwa Jumamosi, tena ilikuwa Ramadhani na wakubwa kati yao walikuwa wamefunga. Hakuna aliyewaita. Walikuja watoto kumi na mmoja, na zaidi ya nusu yao hawakuwa wale wamalizao upesi. Saa sita na nusu na dakika chache fimbo ilisimama uwanjani kama kitu kisicho na uzito, haina kivuli upande wowote. Mmoja alizunguka nyuma yake kutazama kama kimejificha.

Jambo lile si la Kerenge peke yake. Nchi zote zilizo kati ya mistari miwili ya tropiki hupitiwa na jua utosini mara mbili kwa mwaka. Kerenge iko karibu digrii 5 kusini ya ikweta, kwa hiyo siku zake ni za tarehe 8 Machi, jua liendapo kaskazini, na tarehe 6 Oktoba, lirudipo kusini. Kati ya Machi na Oktoba kivuli cha mchana huelekea kusini; mwishoni mwa Juni, fimbo ya mita 1 hutoa kivuli cha sentimita 54. Miezi mingine huelekea kaskazini, na mwishoni mwa Desemba ni sentimita 33. Watoto walipoyajua hayo tukawasimulia habari ya Eratosthenes, aliyekaa Alexandria, Misri, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Alisikia ya kuwa katika mji wa Syene, ambao leo ni Aswan, siku moja ya mwaka jua la mchana huangaza hata chini ya kisima. Na siku hiyo hiyo Alexandria vivuli vipo. Akakipima kivuli, akaona jua limeepa utosi kwa sehemu moja ya 50 ya duara, na kwa umbali wa miji ile miwili akakisia mzingo wa dunia yote.

Mvulana mmoja alitushangaza katika kazi hii. Katika hesabu za ubaoni yu nyuma siku zote. Jioni huchunga mbuzi wa babu yake. Yeye ndiye aliyesema, kabla ya kipimo chochote, kwamba wakati wa baridi mbuzi hulala upande mmoja wa mti mchana, na wakati wa joto upande wa pili. Kama tungaliandika orodha ya watoto wepesi, yeye asingalikuwamo.

Wazazi hawakupendezwa wote. Mzee mmoja alikuja shuleni akatuuliza, kwa adabu lakini kwa uso mkavu, "Mwalimu, mwanangu amekuja kusoma au kupima vivuli?" Tulimjibu tulivyoweza, wala hatudhani tulimridhisha. Swali la juma lililofuata ndilo lililomjibu.

Masika yalikuwa karibu. Swali lilikuwa: "Mvua moja huangusha maji kiasi gani juu ya paa la shule?" Tulitega makopo mawili yenye kuta zilizonyoka, moja la mdomo mpana na moja la mdomo mwembamba, mahali pa wazi. Wengi walisema kopo pana litakuwa na kina kikubwa zaidi, kwa kuwa hupokea mvua nyingi. Mvua iliponyesha, rula ilionyesha kina kimoja katika makopo yote mawili. Hapo tukawaacha wagombane siku mbili, na katika kugombana kule wakaona wenyewe ya kwamba kopo pana hupokea maji mengi, lakini maji yale huenea mahali papana.

Kisha binti mmoja wa darasa la 5 alilipima paa kwa kupima ukuta chini: mita 20 kwa 7, eneo lake mita za mraba 140. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Mvua ya milimita 10, basi, ni lita 1,400, yaani madebe 70. Ijumaa alisimama akasema hayo, akaongeza kwamba hata tukipoteza sehemu moja ya tano kwa kumwagika, hubaki madebe 56. Na kwamba wasichana wa shule huchota maji asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza, na kipindi hicho ndicho cha hesabu. Hakulalamika. Alizisoma namba tu, akaketi.

Karatasi yake ilisomwa katika mkutano wa wazazi. Yule mzee aliomba isomwe tena, polepole. Yeye ni fundi wa bati. Mfereji wa upande mmoja wa paa umekwisha kutiwa. Upande wa pili wangojea bati.

Si kila swali huwa zuri kama hayo mawili. Juma moja tuliwataka wakusanye majina ya mbegu na miti kwa Kisambaa, Kibondei na Kizigua, waone yanavyofanana. Kazi ilianza vizuri ikafa Jumatano, kwa sababu tuliitaka kubwa mno. Juma jingine kila mmoja alitunga kitendawili chake. Kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa hiki: "Ngazi yangu ndefu, imelala Tanga hata Moshi, wala hapana aipandaye kwenda juu." Jibu ni njia ya reli.

Mwalimu atakaye kujaribu kivuli hahitaji fedha. Atafute fimbo iliyonyoka, uzi, jiwe, vijiti, na daftari moja lisilotumika kwa kazi nyingine. Walio upande wa Korogwe na Handeni waanze kupima juma la mwisho la Septemba, wangojee tarehe 6 Oktoba au karibu yake. Arusha jua hutangulia kupita utosini siku nne hivi kabla yetu, na Dar es Salaam hulipata siku nne au tano baada yetu. Kwa mwezi wa Machi mambo huwa kinyume. Shule mbili zilizo mbali zikiandikiana barua juu ya siku zao, watoto watapata swali jingine la Jumatatu bila ya mwalimu kulitafuta.