Linux isipouona mtandao: Namna ya kuiamuru kompyuta isake upya

WATUMIAJI wengi wa kompyuta za mpakato zenye mfumo wa Linux wana dawa moja tu pale jina la mtandao usiotumia waya, yaani Wi-Fi, lisipojitokeza katika orodha: kuizima kompyuta na kuiwasha upya.

Dawa hiyo mara nyingi huponya, na hapo ndipo penye tatizo. Humfanya mtumiaji aamini kwamba kompyuta yake ni mbovu, ilhali kilichokosekana ni msako mmoja wa sekunde chache.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam dhana hiyo humpotezea dakika kadhaa. Kwa mwanachuo wa ualimu aliyeko Kinampanda, wilayani Iramba mkoani Singida, yaweza kumgharimu nauli ya kwenda mjini kumtafuta fundi. Fundi asiye makini naye huishia kufuta kila kitu na kuweka mfumo mpya, maandalio ya masomo ya muhula mzima yakipotea humo.

Katika maeneo kama Kinampanda, penye chuo cha ualimu cha Serikali, simu ya mkononi huweza kugeuzwa kuwa chanzo cha intaneti cha kompyuta. Simu hiyo huwashwa na kuzimwa ili kuokoa chaji na kifurushi. Mtandao wake huja na kutoweka, tofauti na ruta ya ofisini inayowaka mchana kutwa, na ndiyo maana kasoro hii huwasumbua zaidi wanaotegemea simu.

Ruta au simu hutangaza jina lake takriban mara 10 kwa sekunde, lakini katika chaneli moja tu. Kadi ya kompyuta nayo husikiliza chaneli moja kwa wakati mmoja, kama mtu anayezungusha kitufe cha redio akitafuta stesheni. Masafa ya gigahezi 2.4 pekee yana chaneli 13 zinazotumika katika nchi nyingi, na kadi hulazimika kuzipitia moja baada ya nyingine.

Orodha inayoonekana kwenye skrini, basi, ni kumbukumbu ya msako uliopita. Simu iliyowashwa dakika moja baadaye haimo. Ruta iliyozimika kwa kukatika umeme bado yaweza kuwamo kwa muda, na mtumiaji akajaribu kuunganishwa na kitu kisichokuwapo.

Kompyuta haisaki bila kupumzika kwa sababu kila msako una gharama. Kadi inapozungukia chaneli nyingine huacha kwa kitambo mazungumzo yake na ruta, sauti na picha hukwama, na betri huliwa.

Kwa sababu hiyo NetworkManager, programu iliyoanzishwa na kampuni ya Red Hat mwaka 2004 na inayosimamia mitandao katika Ubuntu, Fedora na matoleo mengine mengi ya Linux, husaka kwa vipindi. Isipopata mtandao, muda wa kusubiri hurefuka hadi kufikia dakika 2. Ikishaunganishwa mahali, husaka kwa nadra zaidi.

Njia ya kuilazimisha ni kufungua dirisha la amri na kuandika “nmcli device wifi rescan”, kisha “nmcli device wifi list” ili kuiona orodha mpya. Asiyetaka kuandika mara mbili ataandika “nmcli device wifi list --rescan yes”.

Amri ya kwanza hairudishi maneno yoyote inapofaulu, jambo linalowatia shaka wageni wa Linux. Ombi la pili likitumwa papo hapo huweza kukataliwa. Dawa ni kusubiri sekunde kadhaa. Mtandao uliofichwa jina hutafutwa kwa kuongeza neno “ssid” na jina lenyewe mwishoni mwa amri hiyo ya rescan.

Ujumbe mwingi wa aina hii bado ni wa Kiingereza, ingawa mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Inasikitisha kwamba kazi ile haikuenea hadi kwenye kona hizi za mfumo.

Pasipo na NetworkManager, amri ya “iw dev” hutaja jina la kadi, mathalani wlan0, na “sudo iw dev wlan0 scan” huanzisha msako kwa mamlaka ya msimamizi. Amri ya zamani ya “iwlist”, inayoonekana katika vitabu vingi, imekwishapitwa na wakati.

Yapo mambo ambayo msako hautayatibu hata ukirudiwa mara mia. Kadi iliyofungwa kwa swichi ya pembeni au kwa hali ya ndege haisikii chochote. “rfkill list” hueleza ilivyofungwa, na “rfkill unblock wifi” huifungua, isipokuwa iliyofungwa kwa swichi, ambayo hufunguliwa kwa kidole.

Kompyuta nyingi za mtumba zina kadi za gigahezi 2.4 pekee. Simu ya kisasa ikigawa intaneti kwa gigahezi 5, kadi hizo haziwezi kuiona, na marekebisho hufanywa kwenye simu. Baadhi ya simu pia huzima mgao zenyewe iwapo hakuna aliyejiunga kwa dakika kadhaa.

Kompyuta iliyopangiwa kanuni za masafa za Marekani, kwa upande wake, kwa kawaida haitumii chaneli za 12 na 13. Ruta iliyojichagulia chaneli hizo haitajitokeza kwake, ingawa simu zote mezani zinaiona. “iw reg get” huonyesha nchi iliyowekwa, na “sudo iw reg set TZ” huomba ibadilishwe kuwa Tanzania, ingawa baadhi ya kadi zimefungwa kiwandani na hazikubali. Hapo hubaki kuihamishia ruta kwenye chaneli ya 1, 6 au 11.