Masomo kwa mtandao Goma na Bukavu: kaye ya duka inaweza kumfaa mwanafunzi wa biashara kuliko kamera

Auditwari ya mwanafunzi wa uchumi na uongozi, siku hizi, inaweza kuwa simu moja yenye kioo kilichopasuka, imechomekwa kwenye umeme wa jirani. Mji wa Goma ulichukuliwa na waasi wa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu ikafuata katikati ya Februari. Kati ya wanafunzi wa miji hiyo, wako waliokimbilia Kinshasa, Bujumbura ama Kampala, na wako waliobaki nyumbani. Benki za biashara zilifunga milango, na malipo mengi yakahamia kwenye simu. Kwa mwanafunzi aliye katika hali hiyo, kufuata kozi kwa mbali ndiyo njia ya kutopoteza mwaka.

Nchi nzima ilikwisha kuonja jambo hili. Kunako tarehe 18 Machi 2020, Rais Félix Tshisekedi alitangaza kufungwa kwa shule na vyuo vikuu sababu ya Covid-19. Wakati ule, kile kilichoitwa masomo kwa mtandao kilikuwa mara nyingi PDF ya silabusi iliyotupwa ndani ya kundi la WhatsApp, basi. Miaka imepita, na kusema kweli, bado ziko kozi zinazotolewa hivyo hivyo.

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, vyuo vikuu vya Congo vinafuata mfumo wa LMD: kredi 60 kwa mwaka, kredi 180 kwa kupata lisansi. Ndani ya kredi hizo zimo saa za kazi binafsi, zile ambazo mwanafunzi anafanya bila profesa mbele yake. Zamani saa hizo zilikuwa za kwenye karatasi tu kwa wengi. Anayesoma kwa mbali hana namna ya kuzikwepa, na hapo ndipo wengi wanakwama: wanasikiliza sauti ya profesa hadi mwisho, wanaandika « asante prof », kisha hawafanyi hata zoezi moja.

Kikwazo cha kwanza ni mega. Saa moja ya mkutano wa Zoom wenye picha za watu wengi inaweza kula giga moja nzima, na hata kupita. Saa ileile kwa sauti peke yake inakula chini ya mega 100. Silabusi ya kurasa mia moja ya maandishi matupu inakula mega chache tu. Kwa hiyo mwenye pesa kidogo azime kamera, na aombe asistenti atume sauti na kurasa badala ya video. Wanafunzi wanne ama watano wa mtaa mmoja wanaweza pia kuchangia kifurushi, mmoja akapakua kozi pale penye mtandao mzuri, wengine wakaipata kwa Bluetooth bila kulipa tena. Starlink ilipewa leseni nchini Mei 2025, baada ya kukatazwa mwaka uliotangulia, lakini bei ya vifaa vyake si ya mfuko wa mwanafunzi.

Yule anayesoma uongozi ana faida hapa: matumizi hayo yenyewe ni zoezi. Mega alizonunua zinaandikwa kwenye hesabu 628, gharama za mawasiliano. Akigawa pesa zote za mwezi kwa saa alizosoma kweli, anapata bei ya saa moja ya masomo. Wengine watashtuka kuona kwamba saa za kozi zilikuwa chache, na mega nyingi zilienda kwenye TikTok.

Lakini mali kubwa ya mwanafunzi wa biashara aliyebaki mtaani iko nje ya simu. Iko kwenye duka la mama mkubwa, kwenye meza ya unga na maharagwe sokoni Kadutu ama Virunga, kwa kijana wa kubadilisha pesa pale barabarani. Congo iliingia OHADA kunako tarehe 12 Septemba 2012, na hesabu za makampuni zinafuata SYSCOHADA, iliyofanyiwa marekebisho na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2018. Biashara ndogo kabisa zinaruhusiwa kufuata mfumo mwepesi, unaojengwa juu ya kitabu cha pesa zinazoingia na zinazotoka. Mama wengi wa soko wana tayari nusu ya kitabu hicho: kaye ya madeni, yenye majina na alama ambazo wao tu wanazielewa.

Tuchukue mfano. Mteja amenunua maharagwe ya franka 20 000. Ametoa 12 000 mkononi, na 8 000 ametuma kwa M-Pesa. Mwanafunzi mwenye silabusi ya zamani atatafuta wapi pa kuweka zile 8 000, na pengine ataziandika benki. SYSCOHADA mpya ina hesabu yake kwa jambo hilo, 552, pesa za elektroniki kwenye simu. Kwa hiyo 12 000 zinaingia 571, sanduku. 8 000 zinaingia 552. Na upande wa pili 20 000 zinaandikwa 701, mauzo ya bidhaa. Mistari mitatu. Mwanafunzi atakayefanya hivyo kila jioni kwa juma mbili atajua hesabu kuliko mwenzake aliyeangalia video kumi.

Siku ya tatu ama ya nne swali gumu litakuja lenyewe. Mama ametoa franka 5 000 ndani ya sanduku anunue makala na sombe ya nyumbani. Je, ni gharama ya duka? Hapana, hizo zinaandikwa kwenye hesabu 104, ya mwenye biashara. Hapo ndipo maduka mengi madogo yanafia polepole, pesa ya duka na pesa ya chungu zikikaa mfuko mmoja, na mwisho wa mwezi hakuna anayejua kama faida ilikuwepo. Somo linalochosha kwenye silabusi linapata ghafla sura ya mtu wa familia.

Kuna pia dola. Bidhaa zinanunuliwa kwa dola, zinauzwa kwa franka, na bei ya kubadilisha haitulii. Mwishoni mwa 2025 franka ilipopata nguvu, walioshika dola waliona akiba yao inapungua, huku bei nyingi sokoni zikikawia kushuka. Hesabu 676 na 776, hasara na faida ya kubadilisha pesa, zinaeleweka haraka kwa aliyekuwa amekaa karibu na meza ya mbadilishaji wakati ule.

Jambo moja la heshima: kaye ya mama si mali ya kundi la WhatsApp. Ruhusa inaombwa kwanza, jina linaondolewa, na picha za madeni ya majirani hazitumwi kwa mtu.

Kazi ya namna hiyo inabadilisha hata maongezi na profesa. Asistenti mwenye wanafunzi mia mbili ndani ya kundi hawezi kumjibu anayeandika « sijaelewa kozi ». Anayeandika « Bwana Asistenti, kwenye ukurasa 34 mauzo ya deni yameandikwa hivi, mimi nimeyaandika hivi, kosa liko wapi? » ana nafasi kubwa zaidi ya kupata jibu, na jina lake litakumbukwa.

Kuhusu kozi za bure za nje, ziko nzuri. Ile ya uongozi wa miradi iliyoanzishwa mwaka 2013 na Rémi Bachelet wa École Centrale ya Lille, Ufaransa, inatolewa kwa Kifaransa. Hata hivyo, cheti cha kozi ya namna hiyo si diploma. Na kabla ya kulipa dola hata moja kwa chuo cha mtandaoni kinachoahidi lisansi ya haraka, inafaa kuuliza kwenye wizara ya elimu ya juu, ESU, kama diploma yake inaweza kupewa ulinganifu hapa nchini. Kuuliza baada ya kulipa ni kuchelewa.

Inabaki siku ya mtihani. Umeme unaweza kukatika dakika ishirini kabla ya kutuma majibu, na hakuna silabusi inayosema la kufanya. Walio na uzoefu wanaandika majibu kwenye karatasi kwanza, wanapiga picha kila ukurasa unapoisha, na betri ya akiba wanaijaza tangu jana yake. Mtandao ukikatika, wanamtumia asistenti SMS ya kawaida palepale, maana ujumbe wa kesho yake mara nyingi unakuta orodha imefungwa.