Pikipiki za Matope: Nani Apande, na Avuke Wapi?

Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) alipowashindanisha farasi mjini Madina, hakuwawekea wote masafa mamoja. Abdullah bin Umar (R.A.), ambaye mwenyewe alikuwa miongoni mwa washindani, amesimulia kwamba farasi waliotayarishwa kwa mbio walikimbia kutoka al-Hafyaa hadi Thaniyyatul-Wadaa, mwendo uliokadiriwa kuwa maili tano au sita. Ama wasiotayarishwa, walianzia Thaniyyatul-Wadaa wakaishia msikiti wa Bani Zurayq, yapata maili moja. Hadithi hiyo wameipokea al-Bukhari na Muslim. Humo tunapata mambo mawili: mchezo wa mwendo ni halali, na mwenye kuuandaa hupima uwezo wa kila mmoja kabla ya kumwachia njia.

Nimeikumbuka hadithi hii kwa sababu ya ombi lililofika katika kamati yetu ya msikiti. Vijana wanataka kwenda kupanda pikipiki za magurudumu manne, kama zile zinazokodishwa kwa wageni huko Diani, Nungwi na Paje, na kupita nazo katika matope na vijito. Baadhi ya wazee walitaka ombi likataliwe palepale, ilhali baadhi ya wazazi wamekwisha kutoa fedha. Kabla ya kusema ndiyo au la, yafaa tukijue chombo chenyewe.

Pikipiki hii ina tairi pana zenye upepo mdogo, ndiyo maana hupita juu ya mchanga na matope ambako gari hukwama. Upana huo humhadaa mpandaji akadhani haipinduki. Ile ya mtu mzima huwa na uzito wa kilo 200 hadi 300, na pengine zaidi. Haina mkanda wala paa. Mpandaji huizuia isipinduke kwa kuuhamisha mwili wake: huinama mbele anapopanda kilima, huegemea upande wa ndani anapokata kona. Kiti chake kirefu ni kwa ajili ya kujisogeza huko, si nafasi ya kupakia abiria, isipokuwa iwe imetengenezwa kwa watu wawili. Mtoto hana uzito wa kuihimili, na ikipinduka huweza kumlalia.

Nchini Marekani, ambako pikipiki hizi zilienea tangu miaka ya 1970, zile za magurudumu matatu ziliacha kuuzwa mpya mwaka 1988 kwa makubaliano baina ya serikali na watengenezaji, baada ya vifo na majeraha mengi, yakiwemo ya watoto. Hata kwa zile za magurudumu manne, chama cha madaktari wa watoto cha nchi hiyo hushauri kwamba aliye chini ya miaka 16 asizipande kabisa.

Tukija kwenye maji, yaliyosimama na yaendayo kasi hayana hukumu moja. Katika dimbwi, miongozo mingi ya watengenezaji husema kina kisizidi mahali pa kuwekea miguu. Kikizidi, tairi zilizojaa hewa huanza kuelea, na chombo hupoteza mshiko wake ardhini. Maji yakiingia katika njia ya hewa ya injini, injini huzima na huweza kuharibika ndani. Mvukaji husimama kwanza, akatazama pa kuingilia na pa kutokea, kisha huingia kwa gia ndogo na mwendo wa taratibu usiokatika, mmoja baada ya mwingine. Akishatoka, hubana breki kidogo kidogo zikauke, kwani breki zilizolowa hazishiki vyema.

Ama mto uliofurika, hapo ufundi haufai kitu. Wataalamu wa hali ya hewa wa Marekani hufundisha kwamba maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu huweza kumwangusha mtu mzima, sentimita 30 huweza kuchukua magari mengi madogo, na sentimita 60 huchukua takriban gari lolote. Desemba 2021, katika mto Enziu, Mwingi, nchini Kenya, basi lililokuwa likiwapeleka watu harusini lilizama, na zaidi ya watu 30 wakafariki. Ikiwa basi zima halikuvuka, pikipiki itavukaje?

Vijana wameuliza pia kuhusu swala. Tope kwa asili yake ni twahara. Hata lile la njiani lililoyakinika kuwa na najisi, wanazuoni wa Kishafii husamehe kiasi ambacho ni vigumu kujiepusha nacho. Lakini tope lililokauka juu ya kiungo cha udhu lazima liondolewe, kwa kuwa huzuia maji kufika kwenye ngozi. Kanzu na baibui pana zinaweza kunaswa na magurudumu. Ni bora suruali pana, shati refu la magotini, viatu vya kufunika kifundo, na kofia ngumu juu ya kilemba au hijabu iliyobanwa vizuri.

Aghalabu mkodishaji humtaka mteja atie saini karatasi ya kuikubali hatari. Mzazi ajue kwamba karatasi hiyo humlinda mwenye chombo, haimlindi mtoto. Imam al-Ghazali aliihesabu nafsi miongoni mwa mambo matano ambayo sharia imekuja kuyahifadhi, na ulinzi huo haumalizwi kwa saini.

Wazee hawakukosea katika hofu yao, wala vijana hawakukosea katika kutafuta furaha ya halali. Kamati imeridhia safari kwa masharti: asipande aliye chini ya miaka 16, kila pikipiki na mtu mmoja, hakuna apandaye bila kofia ngumu na mafunzo ya mwalimu, na mvua ikinyesha, hakuna kuvuka kijito chochote. Wadogo nao watasafiri. Watashindana kukimbia kwa miguu ufukweni, mwendo mfupi unaowatosha, kama ule ulioishia kwa Bani Zurayq.