Uswisi: Wakaazi wa Basel waukimbilia mto Rhine joto linapozidi

Joto la Julai na Agosti linapopamba moto mjini Basel, kaskazini mwa Uswisi, wakaazi wengi hujitosa katika mto Rhine unaokatiza katikati ya mji na kuuachia mkondo uwachukue.

Mwogeleaji hutia nguo na viatu vyake katika mfuko usiopitisha maji wenye umbo la samaki, uitwao Wickelfisch, hukunja mdomo wake mara saba, kisha huingia nao majini. Mkondo humpitisha chini ya madaraja, na anapotoka mbele ya safari, nguo zake anazo, tena kavu.

Burudani hiyo ina masharti. Waogeleaji hutakiwa kubaki karibu na ukingo wa kulia, upande wa Kleinbasel, mbali na njia ya meli za mizigo, na kujihadhari na nguzo za madaraja. Mfuko huo si boya la uokozi. Asiyejua kuogelea vyema hapaswi kuingia.

Maji haya hayakuwa salama siku zote. Novemba 1, 1986, ghala la kemikali la kampuni ya Sandoz liliteketea karibu na Basel. Maji ya kuzimia moto yalibeba sumu hadi mtoni, mto ukageuka mwekundu na mikunga wakafa kwa wingi. Mwaka uliofuata, nchi unamopita mto huo zilikubaliana mpango wa pamoja wa kuusafisha. Juhudi hizo zilisaidia kuusafisha mto ambamo leo wakaazi wa Basel hujiburudisha bila kiingilio.