Parachichi na sakitu: angalia mteremko kabla ya kuchimba shimo

Kila ifikapo Juni hadi Agosti, swali moja hurudi katika kipindi chetu cha kilimo kutoka Njombe, Makete na Mufindi: "Miche yangu ya parachichi imeungua, majani yamekuwa ya kahawia kama yamepitiwa na moto. Ya jirani hapo juu iko salama. Kwa nini?" Majibu ya hewani huwa mafupi, hivyo tumeyaandika hapa ili uyasome kwa nafasi.

Kilichounguza miche hiyo ni sakitu, ile barafu nyembamba inayoonekana asubuhi juu ya majani. Parachichi ni mgeni kwetu. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, na si kila aina huvumilia baridi sawasawa. Hass, ambayo wanunuzi wa soko la nje huitaka zaidi, huanza kuungua joto linaposhuka digrii moja au mbili chini ya sifuri. Mche mchanga huungua mapema kuliko mti mkubwa.

Aina ya Fuerte ni ngumu kidogo. Vipandikizi vyake vilitolewa Atlixco, Mexico, mwaka 1911 na kupelekwa California. Januari 1913 baridi kali ilipiga huko na kuua miche mingi, lakini aina hii ikapona. Ndipo ikaitwa Fuerte, neno la Kihispania lenye maana ya "yenye nguvu". Ukiwa na miti michache ya Fuerte kati ya Hass, inasaidia pia uchavushaji, kwa sababu maua ya aina hizi mbili hufunguka kwa zamu tofauti.

Kwa nini wa bondeni huungua?

Usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi hupoteza joto haraka. Hewa iliyo karibu na ardhi hupoa, na hewa baridi ni nzito. Huteremka polepole kama maji, ikafika bondeni ikatuama. Ndiyo maana shamba la juu kidogo kwenye mteremko linaweza kupona, huku la chini yake, mwendo wa dakika chache tu, likiamka jeupe.

Kwa hiyo vinyungu vyetu, vinavyotupa maharage na mboga wakati wa kiangazi, si mahali pa parachichi. Tena kuna hasara ya pili: mizizi ya parachichi haipendi maji yaliyotuama, na bondeni ugonjwa wa kuoza mizizi hushika kirahisi. Panda katikati ya mteremko.

Angalia pia kilicho chini ya shamba lako. Ukuta mzito wa misindano au mikaratusi upande wa chini huzuia hewa baridi isipite, kama bwawa linavyozuia maji. Acha uwazi ili hewa iendelee kushuka.

Kama hujui shamba lako liko upande gani wa bahati, lipitie alfajiri mara kadhaa mwezi wa Juni na Julai kabla ya kununua miche. Panapokuwa na weupe juu ya nyasi, weka alama. Hapo usipande.

Kama miche imeshapandwa

Kwanza, kwa mashamba mapya, panda mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, ili mche upate miezi sita hivi ya kukomaa kabla ya baridi.

Pili, usiweke mbolea ya kukuzia kama urea kuelekea msimu wa baridi. Itatoa machipukizi laini, na hayo ndiyo sakitu huyaanza.

Tatu, mwagilia mchana pale unapoona dalili za usiku mweupe wa baridi. Udongo wenye unyevu hutunza joto la jua na kulitoa usiku kuliko udongo mkavu.

Nne, jengea mche mdogo kibanda cha nyasi juu ya fito, kilicho wazi upande wa chini ili joto la ardhi lipande. Plastiki isiguse majani. Funga shina kwa nyasi kavu, hasa pale mche ulipobebeshwa, na ufungue baridi ikiisha.

Wengine huwasha moto wa moshi shambani. Moshi peke yake hausaidii sana. Kinachosaidia ni joto, na joto la moto mdogo hupotea angani. Kiangazi chetu ni cha nyasi kavu na misitu ya mbao, hivyo cheche moja inaweza kuleta hasara kubwa kuliko sakitu yenyewe.

Ukikuta umeungua, usikate haraka

Mti ulioungua huonekana umekufa wote, kumbe mara nyingi ni majani na ncha tu. Subiri mvua zianze na machipukizi yatoke, ndipo utajua sehemu hai inaishia wapi. Matawi yaliyobaki bila majani yapake chokaa ili jua lisiyachome.

Kisha angalia chipukizi limetoka wapi. Likitoka juu ya mahali palipobebeshwa, hiyo ni Hass yako, ilee. Likitoka chini yake, huo ni mti wa mbegu uliobeba Hass. Utakua vizuri na kukuzalia, lakini matunda hayatakuwa Hass, na mnunuzi atayakataa baada ya wewe kungoja miaka. Ubebeshe upya au upande mche mwingine.

Miche ya kubebesha ni ghali, na huchukua miaka mitatu hivi kuanza kuzaa. Asubuhi chache za kutembea shambani na kuangalia nyasi hazigharimu kitu.

Bado una swali? Tutumie ujumbe kwa namba tunayoitaja hewani, utuambie kijiji chako na shamba liko juu, katikati au chini ya mteremko. Tutalijibu katika kipindi.