UYOGA NA KUVUMWANI SI NDUGU

Muhula uliopita mwalimu wetu wa Bayolojia alituuliza katika jaribio: "Uyoga ni mmea. Kweli au si kweli?" Mimi bila kusita nikaandika "kweli", na alama ikaenda hivyo! Basi nikaamua kuchunguza, maana nikija shule kila asubuhi napita kichuguu kichakani, kisha mawe ya kijitoni yenye kuvumwani, yaani ule mmea mfupi, laini kama zulia la kijani.

Kwanza, tuangalie chakula. Kuvumwani ina klorofili, kwa hivyo hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Uyoga hauna. Ule wa kichuguu hutegemea mchwa! Mchwa hutafuna miti na majani makavu, wakayapanga chini ya ardhi kama shamba. Kuvu huota humo na kuyalainisha, nao mchwa wakala. Mvua ikinyesha, kuvu hiyo hutoa uyoga nje. Kumbe tunachochuma ni kama tunda tu, mwili wenyewe umebaki chini.

Pili, maji. Kuvumwani haina mizizi ya kweli, hunyonya maji kwa majani yake. Wakati wa kiangazi chetu cha Migwani hukauka ukadhani imekufa, lakini ikinyeshewa hurudia ukijani wake. Ile ya majimaji iitwayo sfagnamu, ambayo huota hata katika milima ya Ruwenzori, huweza kushika maji mara 20 ya uzito wake mkavu. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia (1914-1918) Waingereza waliitumia kufungia majeraha.

Kilichonidanganya ni kwamba vyote viwili havina maua wala mbegu. Huenea kwa spora, vumbi jepesi lipeperushwalo na upepo.

Mwisho ni jambo la hatari. Siku moja mdogo wangu alileta nyumbani uyoga mweupe, akisema eti ni wa kichuguu. Nyanya aliugeuza mara moja tu, akautupa chooni. Mtoto akalia sana! Lakini upo uyoga wenye sumu unaofanana na ule mzuri, na sumu nyingine haiishi hata ukiuchemsha.

Kwa hivyo wenzangu, usichume usichokijua. Alama utaipata jaribio lijalo, lakini uhai haurudi.