Rimoti ya runinga zote: ijaribu kabla mzigo haujavuka mpaka

Wafanyabiashara wanaonunua runinga za intaneti za mtumba Kariakoo, Dar es Salaam, na kuzipeleka Lubumbashi kupitia Tunduma wanashauriwa kujaribu rimoti wakiwa bado dukani.

Runinga hizo mara nyingi huja bila rimoti yake, na muuzaji hutoa ile iitwayo ya runinga zote. Kuiseti si kazi kubwa. Kwa rimoti nyingi, runinga ikiwa imewashwa, unashikilia kitufe cha SET mpaka taa ibaki inawaka, kisha unabonyeza cha kuwashia, polepole, hadi runinga izime. Unabonyeza SET tena kuhifadhi.

Wengi huishia hapo, na ndipo hasara inapoanza. Rimoti za bei nafuu hutumia miale ya infraredi; huwasha na kuongeza sauti, lakini kuamuru kwa maneno kwa kawaida hupitia Bluetooth. Jaribu pia kitufe cha Home na mishale. Vikigoma, mteja atashindwa kuingiza nywila ya Wi-Fi, na ataitaka kwa bei ya runinga ya kawaida.

Rimoti ikionekana imekufa, ielekeze kwenye kamera ya simu na ubonyeze. Kwa kamera nyingi, mwanga wa zambarau ukionekana, rimoti inatuma; tafuta kodi nyingine.